Paneli Mbili za Mzee Omwenga

Loice alikuwa na miaka ishirini na sita alipoanza kupanda mapaa ya watu. Alikuwa amesomea umeme katika chuo cha ufundi upande wa Nyamira, msichana peke yake kati ya wavulana kumi na wanane, na alipomaliza alikaa nyumbani mwaka mzima akichuma majani chai ya babake kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwandika kazi. Mwishowe akapata kibarua cha kupanga nyaya na balbu katika duka la Subhash mjini Kisii. Sola ilipoanza kupata soko vijijini, mafundi wakawa wachache kuliko wateja, na Subhash, ambaye hakujali ni nani aliye juu ya ngazi mradi taa iwake, akamkabidhi ngazi. Kufikia mwaka wa tisini na tano Loice alikuwa na kibanda chake mwenyewe sokoni Nyakoe, na mita ya kupimia umeme aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli baada ya kuanguka nayo.

Wazee hawakupenda. Mwanamke hapandi paa, walisema. Zamani mwenye nyumba alikuwa na kijiti chake pale kileleni mwa paa la nyasi, na siku alipokufa, wanaume wa ukoo waliking'oa. Paa ni la mwanamume, akiwa hai na akiwa amekufa. Loice aliwasikiliza kwa heshima, akavaa suruali ndani ya sketi, akapanda.

Kilichomkosesha raha zilikuwa paneli zenyewe. Sokoni zilikuwako za aina mbili. Moja ilikuwa kioo cheusi chenye wekundu wa mbali, laini kama maji ya kisima, na bei yake haikufika nusu ya ile nyingine. Ya pili ilikuwa ya buluu, imegawanyika miraba miraba, nzito mkononi. Siku ya kwanza ile nyeusi iliwasha taa na televisheni bila wasiwasi, na mwenye nyumba akamcheka jirani aliyeuza mtamba ili anunue ya buluu. Miezi mitatu ikipita, picha ya televisheni ilianza kujikunja pembeni. Mwaka ukiisha, ilibaki taa moja, nayo nyekundu kama jicho la mgonjwa. Hapo mwenye nyumba alikumbuka kwamba fundi wake alikuwa mwanamke.

"Mimi nauza tu," Subhash alimwambia alipomuuliza. "Hiyo nyeusi inatoka kumi kwa wiki. Ya buluu, moja kwa mwezi. Si kila nyeusi ni mbaya, lakini huwezi kujua mpaka jua liipige. Mimi niko hapa nyuma ya kaunta. Wewe ndiye unakutana nao kanisani."

Ndipo alipomkumbuka Mzee Omwenga. Mzee huyu alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai kwa miaka thelathini, na sasa, baada ya kustaafu, alikaa na mkewe Persis kwenye mgongo wa mlima juu ya Nyakoe. Alikuwa amenunua paneli nyeusi, ikafifia, akanunua ya buluu. Wengine wangemtukana fundi. Yeye alivutiwa tu, kama mtu aliyeletewa kitendawili.

"Usiitoe hiyo nyeusi," alimwambia Loice. "Ziache zikae pamoja hapo juu, tuone."

Akazipa majina ya watu, mzaha kati yake na Loice tu. Ile ya buluu akaiita Omonene, yaani mkubwa. Ile nyeusi akaiita Omoke, yaani mdogo. Loice alimwomba amwekee kumbukumbu ya kila paneli, jua likiwa vipi na umeme ukiwa vipi, ili apate neno la kuwaambia wanunuzi. Lakini macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kuandika.

"Basi nitasema," alijibu, akionyesha redio yake ya kaseti. "Mdomo hauna mtoto wa jicho."

Loice alicheka, akaenda zake. Kazi zikawa nyingi, na jambo hilo likamtoka akilini.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa tisini na saba, Mzee Omwenga alikutwa kwenye kiti chake uani, saa saba mchana, amekufa, uso ameuelekeza kwenye paa. Persis hakuwako. Alikuwa amekwenda Ogembo kwa Mogaka, mwana wao wa kwanza. Wiki ya mazishi ndiyo mvua ilipoanza, ile mvua ambayo watu bado wanaitaja kwa jina, iliyong'oa madaraja na kuteremsha mashamba mazima ya migomba bondeni. Jeneza lilishushwa kaburini maji yakiwa yamejaa hadi magotini.

Matanga yalipokwisha, Mogaka alifungua paneli ya buluu na betri, akavichukua kwenda navyo Ogembo. Ile nyeusi aliiacha. "Hiyo ilikufa kabla ya mwenyewe," alisema. Kisha akaifunga nyumba kwa kufuli na kuondoka na ufunguo, hadi ukoo utakapokaa kugawa vitu. Persis akahamia nyumba ya jikoni. Duke, kitinda mimba, alikaa na mkewe Celestine katika nyumba ndogo iliyopakana na boma. Mvua ikanyesha mwezi hata mwezi.

Siku moja mwishoni mwa Februari, jua likiwa limerudi, Loice alikuwa akichomelea waya kibandani alipoona kivuli kimesimama mlangoni. Alikuwa Persis. Alikuwa amekonda, na kitambaa chake cha kichwani kilifungwa upande kama cha mtu aliyetoka mbio.

"Karibu, Mama Mogaka. Keti."

Persis hakuketi. "Fundi," alisema, "kitu kisicho na betri kinaweza kusema?"

"Kitu gani, mama?"

Mama mzima, mwimbaji wa kwaya ya Sabato, aliangalia nyuma kwanza. "Mume wangu anasema ndani ya nyumba. Mchana. Jua likipanda sana anaanza. Wingu likipita, ananyamaza."

Alisimulia yote akiwa wima. Aliyesikia wa kwanza alikuwa Celestine, akianika nafaka ya wimbi uani. Alisikia mtu anaguna ndani ya nyumba iliyofungwa, akadhani ni ng'ombe ameingia. Akakaribia dirisha. Ilikuwa sauti ya baba mkwe wake, lakini nzito na ya polepole, kama ya mtu anayesema akiwa na udongo mdomoni. Kesho yake walisikia wote. Siku ya tatu Duke alitega sikio ukutani na kuyapata maneno, akaenda kwake kulala.

"Alisikia nini?"

"Alisema Omoke anaisha. Alisema Omoke hatafika mwaka mwingine, na mtu asipoteze mali yake kwa ajili yake. Omonene ndiye atakayebaki." Persis alikaza fundo la kitambaa chake. "Mimi nina wana wawili, fundi. Mkubwa ni Mogaka, na mdogo ni Duke. Sasa Duke hali chakula. Siku ya sita leo. Amelala anaangalia ukuta, anangoja."

Majina yale Loice aliyajua, lakini alikuwa ameyasikia mara moja tu, zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na kwa wakati ule hakukumbuka ni wapi. Alichojua ni kwamba nyumba ile haikuwa na umeme. Mogaka mwenyewe alipita hapo sokoni na betri begani.

"Na si hayo tu," Persis aliendelea, kwa sauti ya chini zaidi. "Wanasema ni mimi ninayemsemesha. Jana vijana walipita barabarani, mmoja akauliza kwa nguvu ili nisikie, petroli lita ngapi zinatosha kuchoma nyumba ya jikoni."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Miaka ile, katika milima ile, kina mama waliokwisha kuitwa warogi walikuwa wamechomwa ndani ya nyumba zao, na asubuhi hakuna aliyeona kitu. Loice alifunga kibanda.

Walifika bomani saa tano na nusu. Hewa ilikuwa safi baada ya mvua zile ndefu, na jua lilichoma kama linadai fidia. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama nje ya ua wa mikaratusi, hakuna aliyeingia. Wengine alisoma nao. Walimwangalia akipita na ngazi yake begani, wala hawakumsalimu.

Akasimama katikati ya uwanja. Kwa muda hakusikia ila nyuki kwenye maua ya mgomba. Halafu ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lililofungwa, kitu kikajikokota. Kilikuwa mlio mrefu wa chini, ukapanda taratibu, ukawa sauti, na sauti ikawa ya mtu aliyemjua. Maneno yalitoka moja moja, kila moja likivutwa hadi kukaribia kukatika.

"O... mo... ke..."

Watu wa nje ya ua wakarudi nyuma kwa pamoja. Persis akaziba masikio. Loice alitaka kukimbia. Baadaye hakuona haya kulisema hilo. Miguu ilikuwa imekwisha kugeuka. Kilichomzuia ni wingu. Wingu dogo lilipita mbele ya jua, kivuli kikateleza juu ya migomba, juu ya mabati, na sauti ikaanza kuzama, ikazidi kuwa nzito na ya polepole, mpaka ikabaki kama pumzi, ikaisha. Wingu likapita. Mabati yakang'aa. Na mzee akaendelea palepale alipoachia, katikati ya neno.

Loice akainua macho. Juu kule, upande wa mashariki wa paa, kioo cheusi kilikuwa kimelala peke yake karibu na mahali pa paneli iliyoondolewa.

Akaegemeza ngazi.

"Wewe," mzee mmoja akaita kutoka kwenye ua. "Hilo ni paa la marehemu. Na wewe ni mwanamke."

"Najua, baba," Loice alisema. "Kama kuna mwanamume wa kupanda, nampisha."

Hakuna aliyetoka. Akapanda. Mabati yalikuwa ya moto, na chini yake, kupitia bati lenyewe, alihisi sauti ile ikitetemeka viganjani mwake. Hilo ndilo lililomkaa moyoni kwa miaka mingi, kuliko kuisikia. Aliifikia paneli kwa magoti. Kutoka nyuma yake waya mmoja, uliofungwa kwa mkono usio wa fundi, ulipita chini ya ukingo wa bati kuingia ndani.

Alivua leso aliyojifunga kiunoni, akaikunja mara mbili, akaifunika paneli.

Sauti ikazama. Ikaguna, ikaburuta, ikanyamaza.

Akahesabu hadi kumi, kisha akaivuta leso. Mzee akaanza tena kusema. Akafunika, akanyamaza. Akafunua, akasema. Alifanya hivyo mara nne mbele ya macho yao wote, na mara ya nne kijana mmoja aliyekuwa mbele kabisa akaketi chini kwenye nyasi.

"Vunjeni kufuli," Loice akaita. "Halafu mleteni Duke."

Persis ndiye aliyelivunja, kwa shoka la kuni, akisema kwamba Mogaka atamlaumu yeye na si mwingine. Ndani kulikuwa na harufu ya panya na nguo zilizolowa. Redio ya kaseti ilikuwa juu ya meza kando ya kitanda, imefunikwa kitambaa cha mezani, waya wa Omoke umechomekwa nyuma yake moja kwa moja bila betri. Ilikuwa ya aina ile inayogeuza kaseti yenyewe upande wa pili, ikifika mwisho inaanza upya, haina kuchoka. Kitufe cha kuchezea kilikuwa kimebonyezwa. Siku za matanga nyumba ilikuwa imejaa watoto wa kila mji. Mmoja wao alibonyeza, haikulia kwa sababu mbingu zilikuwa zimefunga, akaiacha hivyo. Ikangoja jua miezi minne. Paneli ile, hata pale ilipochoka kabisa, ilibakiwa na nguvu kidogo saa sita za mchana, kidogo cha kuzungusha kaseti kwa nusu ya mwendo wake.

Loice aliukata waya, akatia betri sita mpya za tochi alizozitoa mfukoni, akairudisha kaseti mwanzo. Duke alikuwa ameletwa, ameshikwa kwapani na Celestine, midomo imekauka.

Sauti ya Mzee Omwenga ikatoka nyepesi na ya kawaida, kama mtu anayeongea akivua viatu.

"Jumapili, tarehe mbili. Jua kali. Fundi Loice, sikiliza. Omonene anajaza betri kufikia saa nane, taa tatu na habari za saa moja bila shida. Omoke anaisha. Nimempima kwa redio hii, saa sita anaweza, saa tisa hawezi. Huyu hatafika mwaka mwingine. Waambie watu wasipoteze mali yao kwake. Afadhali mtu angoje misimu miwili ya majani chai anunue Omonene, atabaki naye mpaka wajukuu."

Hakuna aliyecheka. Watu waliokuwa wamejazana mlangoni walitazamana, kisha wakatazama chini. Yule aliyeuliza habari za petroli aliondoka bila kuaga, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Duke alisikiliza kaseti upande mmoja mzima, ameketi kwenye kitanda cha babake. Ilipogeuka akasema, "Niletee uji." Alikunywa, akatapika, akanywa tena. Alipona, ila kwa miaka kadhaa alikuwa akishtuka mtu akimwita kwa neno lile la mdogo, na mkewe akawakataza watoto kulitamka.

Mogaka alikuja kutoka Ogembo wiki hiyohiyo. Alikuwa amekuja na hasira ya kufuli, akaondoka akiwa ameacha paneli ya buluu na betri. Loice akairudisha Omonene paani, na safari hii wazee hawakusema neno. Omoke aliishusha. Mogaka alitaka itupwe chooni. Loice akaichukua hadi kibandani, akaitundika na mita yake chini. Mnunuzi akija na swali la bei, alimtolea paneli nyeusi mpya na ile nzee, na ya buluu kando, akamwachia mita asome mwenyewe. Wengi bado walichukua nyeusi, maana tumbo na karo havingoji misimu miwili. Lakini sasa walijua wanachonunua, na waliridhika na taa moja.

Kaseti ilibaki kwa Loice. Ilikuwa imesemwa kwake, hata hivyo. Siku za soko, Persis alikuwa akipita na kikapu chake cha mboga za chinsaga, anaketi kwenye benchi, na bila kuombwa Loice anaiweka. Mama alimsikiliza mumewe akieleza saa na jua, mikono ameikunja mapajani. Ikaenda hivyo kama miezi mitatu.

"Anaongea na wewe," alisema siku moja. "Dakika zote hizo. Mimi hakunitaja hata mara moja."

Halikusemwa kwa wivu, na labda ndiyo sababu lilimchoma Loice. Jioni ile aliisikiliza kaseti yote pande mbili, sikio karibu na spika, akitafuta jina la Persis. Hakulipata. Lakini mwisho kabisa wa upande wa pili, mahali ambapo hawakuwahi kufika, alikuta kitu kingine, na siku ya soko iliyofuata alimngoja mama kwa furaha.

"Sikiliza hapa. Uko ndani ya kaseti. Unamwita chakulani."

Akabonyeza. "Jumanne, tarehe saba, mwezi wa kumi," mzee alisema. "Jua la saa sita. Omoke..." Kisha, kutoka mbali, kama kutoka uani, sauti ya mwanamke: "Omwenga. Njoo ule." Mzee akajibu, kwa upole ambao hakuwahi kuutumia kwa paneli: "Naja." Kiti kikasogezwa. Kitufe kikalia, na baada yake hakukuwa na kitu ila mvumo wa kaseti tupu.

Persis hakusogea. "Rudisha."

Alirudisha mara mbili.

"Mimi sijawahi kumwita jina lake," Persis alisema. "Miaka arobaini na moja. Mke hamwiti mume kwa jina. Nilimwita Baba Mogaka."

"Labda Celestine..."

"Celestine amwite baba mkwe jina lake?" Akatikisa kichwa. "Celestine alikuwa shambani akichuma chai. Na tarehe hiyo mimi nilikuwa Ogembo. Hiyo ni siku ile alipokutwa uani, fundi. Ndiyo siku ile yenyewe."

Loice alihisi joto la mchana likimwondoka mikononi. Nje soko lilikuwa likipiga kelele zake, mtu akinadi ndizi, mtu akinadi mitumba. Alinyoosha kidole kuizima mashine, akakuta imekwisha kujizima.

"Unaijua sauti hiyo, mama?"

Mdomo wa Persis ulisogea kidogo, kama anayelijaribu jina lile ulimini. "Wa kumwita jina lake ni mamake, naye alifariki kabla sijaolewa," alisema mwishowe. "Sikumsikia kamwe. Sijui."

Akainuka, akajitwika kikapu, akakiweka sawa kichwani.

"Lakini aliitwa vizuri," alisema. "Hakuitwa kwa ukali." Akatoka kwenda kuuza mboga zake kabla jua halijazinyausha.